Shajara ya mradi: wasifu wa Edward Lyttelton, mwanakriketi, mwalimu na kasisi

Januari

Mradi huu unakusudia kuandika kwa Kiswahili wasifu wa Edward Lyttelton, Mwingereza aliyezaliwa tarehe 23 Julai 1855 na kufariki tarehe 26 Januari 1942, ambaye ujanani alikuwa miongoni mwa wapigaji mahiri wa kriketi nchini mwake, na baadaye akawa kasisi wa Kanisa la Uingereza na mkuu wa shule mbili mashuhuri, Haileybury na Eton. Shajara hii itaeleza hatua zinazofikiwa na sababu za maamuzi yanayofanywa njiani, ili atakayesoma rasimu aelewe kwa nini jambo moja limepewa kurasa nyingi na jingine limepitiwa kwa aya moja.

Swali la kwanza kutoka kwa wenzangu lilikuwa kwa nini nisimwandike Charles Studd, ambaye naye alisoma Eton na Cambridge, naye aliichezea timu ya kaunti ya Middlesex, kisha akaiacha kriketi, akaenda kuhubiri China mwaka 1885, na miaka mingi baadaye akaingia Kongo, alikofia mwaka 1931 huko Ibambi. Hoja yao ina uzito, kwa kuwa Studd anafahamika kwa wasomaji wetu wa Kongo kuliko mwanakriketi mwingine yeyote wa kizazi chake. Jibu langu ni kwamba maisha ya Studd ni ya mtu aliyekata shauri na kuacha kila kitu, na masimulizi ya aina hiyo tunayo tele. Lyttelton hakuacha kitu. Alibaki katika shule zile zile, kanisa lile lile na tabaka lile lile alimozaliwa, na bado akajikuta, akiwa na umri wa karibu miaka 60, anashambuliwa na nchi nzima kwa sababu ya hubiri moja. Namna alivyofika hapo ndiyo ninayotaka kuieleza.

Februari: mpangilio wa maisha

Maelezo mafupi kumhusu Lyttelton humweka katika hatua tatu zinazofuatana: kwanza mchezaji, kisha kasisi, kisha mwalimu. Nilipozipanga tarehe kwenye karatasi moja, mpangilio huo haukusimama. Alianza kufundisha Wellington College mwaka 1880. Mwaka 1882 alihamia Eton, shule aliyosoma mwenyewe, akiwa mwalimu msaidizi, na mwaka huo huo ndio aliomaliza kuichezea Middlesex. Ushemasi aliupata mwaka 1884 na ukasisi mwaka 1886, akiwa tayari na miaka kadhaa darasani. Kwa hiyo ualimu uliutangulia ukasisi, na kriketi na ualimu vilikwenda pamoja kwa muda kabla kimoja hakijakiachia kingine nafasi.

Jambo hili linadai maelezo ambayo msomaji wa leo hana namna ya kuyakisia. Katika Uingereza ya karne ya 19, mtu asiye kasisi aliweza kufundisha katika shule kubwa ya bweni maisha yake yote, lakini kuupata ukuu wa shule hiyo kulikuwa kugumu mno, kwa sababu mwalimu mkuu ndiye aliyetarajiwa kuhubiri katika kanisa la shule na kuwaandaa wavulana kwa kipaimara. Desturi hiyo ilianza kulegea mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1903 shule ya Marlborough ilimchagua Frank Fletcher, mlei wa kwanza kuiongoza. Lyttelton ni mtu wa kizazi kilichotangulia. Msomaji asiyelijua hili atadhani kwamba alibadilisha kazi mara mbili, ilhali alikuwa akipanda ngazi ya ualimu kwa njia iliyozoeleka, na kanzu ya ukasisi ilikuwa sehemu ya ngazi hiyo.

Kutokana na hilo, swali linaloongoza mradi limebadilika. Sitauliza tena kwa nini mwanakriketi aliingia kanisani, kwa kuwa makasisi waliocheza kriketi walikuwa wengi Uingereza na hakuna aliyewashangaa. Ninauliza kama ukasisi kwake ulikuwa sharti la kupata cheo, au ulikuwa kazi aliyoishika kwa dhati hata pale ilipogongana na cheo chenyewe. Kila sura itapimwa kwa swali hilo, na sura isiyolisaidia itakuwa fupi.

Februari, mwishoni: ukoo

Sura ya ukoo ilikuwa karibu kunishinda kwa wingi wa watu. Edward alikuwa mtoto wa kiume wa saba kati ya wanane wa George Lyttelton, Baroni wa nne wa Lyttelton, wa Hagley katika Worcestershire, na mkewe Mary Glynne. Dada mkubwa wa Mary, Catherine, aliolewa na William Gladstone, na harusi za dada hao wawili zilifungwa siku moja mwezi Julai 1839. Maana yake ni kwamba mtu aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mara nne alikuwa, kwa Edward, mume wa mama mkubwa. Mama yao mzazi alifariki mwaka 1857, miezi michache baada ya kumzaa kitinda mimba Alfred, kwa hiyo Edward alikuwa na umri wa miaka miwili tu na hakuweza kubaki na kumbukumbu yake. Malezi yake yaliangukia mikononi mwa dada zake wakubwa, hasa Meriel na Lucy.

Kriketi katika nyumba hiyo ilikuwa shughuli ya ukoo mzima. Mwezi Agosti 1867 timu iliyoundwa na watu wa ukoo huo pekee, yaani baba, wanawe wanane na ndugu zake, ilicheza dhidi ya shule ya Bromsgrove na kushinda. Edward alikuwa na miaka 12. Nimeiweka mechi hiyo katika rasimu kwa sababu inaonyesha kwamba kwa watu hawa mchezo haukuwa kipaji cha mtu mmoja aliyejitokeza. Uwanja ulikuwa nje ya mlango wao, nao waliurithi pamoja na sala za asubuhi na Kilatini.

Ndugu wengine nimewapa sentensi mbili kila mmoja. Neville alikuwa mwanajeshi na akafikia cheo cha jenerali. Tutakutana naye tena katika habari za mji wa Ladysmith, Afrika Kusini. Arthur alikuwa kasisi na akawa Askofu wa Southampton. Alfred, mdogo wa wote, ndiye wa kwanza kuichezea Uingereza katika kriketi na katika soka pia, na kati ya Oktoba 1903 na Desemba 1905 alikuwa Waziri wa Makoloni. Ni katika kipindi chake, mwaka 1905, usimamizi wa Himaya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya ya leo, ulipohamishwa kutoka Wizara ya Mambo ya Nje kwenda Wizara ya Makoloni. Hapo ndipo ukoo huu unapoigusa historia yetu moja kwa moja, na nimejizuia nisiendelee zaidi, kwa kuwa wasifu ni wa Edward na Alfred anastahili wake.

Kifo cha baba yao, mwezi Aprili 1876, kimenipa kazi ngumu zaidi. Baroni huyo, ambaye kwa muda mrefu alisumbuliwa na huzuni nzito, alijirusha kutoka ngazi za nyumba mjini London na kufariki. Edward alikuwa mwanafunzi wa Trinity College, Cambridge, mwenye umri wa miaka 20, na mwezi uliotangulia tu alikuwa amecheza fainali ya soka ya Kombe la FA akiwa na Old Etonians, timu ya waliosoma Eton, ambao baada ya sare ya 1-1 na Wanderers walifungwa 3-0 katika mechi ya marudio. Nimeandika habari hizo mbili katika aya moja, kwa mfuatano wa tarehe zake, bila kuongeza maneno ya kueleza kijana huyo alijisikiaje.

Machi: mwaka 1878

Sura hii ndiyo iliyonipa raha kuliko zote hadi sasa, na nimeiruhusu iwe ndefu. Wasomaji wa Nairobi na Kampala wanaifahamu kriketi vizuri, lakini wengi wa wasomaji wengine hawaijui, kwa hiyo nimeanza na maelezo mafupi: timu mbili za wachezaji 11, kila moja ikipewa zamu mbili za kupiga katika mechi inayoweza kuchukua siku tatu, na mpigaji anayefikisha mikimbio 100 katika zamu moja akihesabiwa kuwa amefanya jambo kubwa. Msomaji akiyashika hayo, mwaka 1878 unasomeka wenyewe.

Mwaka huo timu ya Australia ilifanya ziara Uingereza, na Waingereza hawakuitarajia kuwa tishio. Tarehe 27 Mei, katika uwanja wa Lord's jijini London, Waaustralia waliikabili MCC, klabu iliyotunga sheria za mchezo na iliyoweka uwanjani baadhi ya wachezaji bora wa nchi akiwemo W. G. Grace. MCC iliondolewa yote kwa mikimbio 33 katika zamu ya kwanza na 19 katika zamu ya pili, na mechi ikaisha ndani ya siku moja. Mrushaji Fred Spofforth akawa jina la kutisha nchi nzima.

Mwezi Juni Waaustralia walirudi Lord's kucheza na Middlesex. Middlesex ilishindwa, lakini Edward Lyttelton, mwanafunzi wa miaka 22, alipata mikimbio 113, na katika ziara nzima hakuna Mwingereza mwingine aliyefikisha 100 dhidi ya wageni hao. Hiyo ndiyo alama ya juu kabisa katika maisha yake ya kriketi. Ninaona ni haki kusema kwamba jina lake lingebaki katika kumbukumbu za mchezo huo hata kama asingefanya kitu kingine baadaye.

Mwaka huo huo alikuwa nahodha wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Timu yake ilicheza mechi nane na kushinda zote nane, ikiwemo ile ya Julai dhidi ya Waaustralia, ambao walifungwa kwa zamu moja na mikimbio 72, yaani Cambridge haikuhitaji kupiga zamu yake ya pili. Katika timu hiyo alikuwamo Alfred akilinda wiketi (vijiti vinavyolengwa na mrushaji), A. G. Steel aliyekuwa katika mwaka wake wa kwanza chuoni na tayari ni mrushaji wa kuogopwa, A. P. Lucas, na Ivo Bligh, ambaye baadaye aliongoza timu ya Uingereza iliyokwenda Australia katika msimu wa 1882 na 1883. Nahodha aliyekabidhiwa vijana wa namna hiyo anaweza kuharibu kwa kujiingiza mno, na sifa ya Lyttelton ni kwamba hakufanya hivyo.

Nimeongeza aya ya soka kwa ajili ya haki, ingawa haimpendezeshi. Tarehe 2 Machi 1878 aliitwa kuichezea Uingereza dhidi ya Scotland huko Hampden Park, Glasgow, akicheza nafasi ya beki. Scotland ilishinda 7-2. Hakuitwa tena.

Msomaji mmoja wa rasimu ya mapema alishauri niongeze aya kuhusu uchungu wa kuiacha kriketi. Nimelikataa pendekezo hilo. Katika tabaka lile, mchezaji asiyelipwa aliichezea kaunti yake alipopata nafasi, na alipopata kazi, nafasi ikapungua. Aliendelea kuupenda mchezo, akauandikia kitabu kidogo cha mafunzo kilichochapishwa mwaka 1890, na katika maandishi yake sijaona mahali anapoulilia ujana.

Aprili: miaka ya ualimu msaidizi

Sura fupi. Miaka minane ya Eton, kuanzia 1882 hadi 1890, ina matukio machache ya kusimulia: alifundisha, akapadrishwa, na mwaka 1888 akamwoa Caroline Amy West, binti wa John West, mkuu wa kanisa kuu la Mtakatifu Patrick mjini Dublin. Nimeongeza tukio moja tu la ukoo, kwa kuwa lilimgusa kila mmoja wao: Mei 1882, mume wa dada yake Lucy, Lord Frederick Cavendish, aliuawa kwa visu katika bustani ya Phoenix, Dublin, siku ile ile aliyoapishwa kuwa waziri wa masuala ya Ireland. Lucy alikataa kuugeuza msiba huo kuwa sababu ya kulipiza kisasi, na msimamo wake ulijulikana na kuheshimiwa sana. Ninaomba msomaji alikumbuke jambo hili atakapofika mwaka 1915, ingawa katika sura yenyewe sikuandika kwamba moja lilisababisha jingine.

Mei: Haileybury

Lyttelton alichaguliwa kuiongoza Haileybury mwaka 1890, akiwa na umri wa miaka 34 au 35, na alikaa huko hadi 1905. Majengo ya shule hiyo, karibu na mji wa Hertford, yalikuwa kwanza ya chuo cha Kampuni ya India Mashariki, kilichowaandaa watumishi wa utawala wa India hadi kilipofungwa mwaka 1858. Shule ya sasa ilifunguliwa humo mwaka 1862. Wavulana wengi walitoka katika familia za wanajeshi, makasisi na watumishi wa himaya. Walilelewa kuamini kwamba jeshi la Uingereza halikosei, na mwalimu wao mkuu hakuwa na hakika hiyo.

Vita vya Waingereza na Makaburu vilipoanza mwaka 1899, Lyttelton alivitazama kwa mashaka. Mji wa Ladysmith, uliokuwa umezingirwa na Makaburu kwa siku 118, ulikombolewa tarehe 28 Februari 1900, na shule nyingi ziliwapa wanafunzi nusu siku ya mapumziko kusherehekea. Lyttelton alikataa. Wavulana wa Haileybury wakatoka bila ruhusa, wakaandamana hadi Hertford wakiimba nyimbo za kizalendo, na waliporudi mwalimu mkuu aliwachapa viboko makumi kwa makumi. Miongoni mwa waliochapwa alikuwamo Clement Attlee, aliyeingia shuleni hapo mwaka 1896 na ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu kuanzia 1945 hadi 1951.

Nimelikalia tukio hili kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Kaka yake mwenyewe, Neville, alikuwa jenerali katika jeshi la Redvers Buller lililoukomboa mji huo, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba Edward hakujali maisha ya askari waliokuwa uwanjani. Ila hakuona kwamba ushindi wa vita ni sababu ya kufunga shule. Hapo hapo, mtu aliyekataa kushangilia vita alishika fimbo na kuwachapa watoto hadi mkono ukachoka, na sina nia ya kumsafisha. Viboko vilikuwa desturi ya shule zote za namna hiyo, lakini desturi haiondoi ukweli kwamba aliyakabili maandamano ya wavulana waliochangamka kwa njia rahisi kuliko zote alizokuwa nazo. Rasimu ya kwanza ilimwonyesha kuwa mtu wa amani aliyesimama peke yake. Rasimu ya sasa inaonyesha msimamo wake na fimbo yake katika ukurasa mmoja.

Kuna kazi nyingine ya kipindi hiki ambayo waandishi wengi huiruka. Mwaka 1894 serikali iliunda Tume ya Kifalme ya Elimu ya Sekondari chini ya uenyekiti wa James Bryce, na Lyttelton akawa mjumbe. Lucy, dada yake, naye alikuwa mjumbe, mmoja wa wanawake watatu katika tume hiyo. Kabla ya hapo wanawake hawakuwa wakiteuliwa katika tume za kifalme. Ripoti ya mwaka 1895 ilipendekeza kuwe na mamlaka moja kuu ya kusimamia elimu, na mwaka 1899 Bodi ya Elimu ikaundwa. Kwa mtu aliyefundisha watoto wa matajiri maisha yake yote, miezi ile ya kusikiliza ushahidi kuhusu shule za watu wa kawaida ina umuhimu, na nimeipa kurasa tatu.

Alikuwa pia mwandishi wa mambo ambayo walimu wengine waliyanyamazia. Mwaka 1900 alichapisha kitabu akiwataka wazazi wawaeleze watoto wao wenyewe, mapema na kwa heshima, habari za jinsia na uzazi, badala ya kuwaachia wenzao wa bwenini kazi hiyo. Lugha yake imechakaa na baadhi ya hofu zake ni za zama zake, lakini rai yake ya msingi bado inajadiliwa katika vikao vya wazazi wa shule zetu.

Juni: Eton

Mwaka 1905 alirithi kiti cha Edmond Warre, aliyekuwa mkuu wa Eton tangu 1884. Sura hii imekuwa nyepesi kuandika, labda nyepesi mno. Habari nyingi zinazosimuliwa kumhusu ni za tabia zake za kibinafsi: hakula nyama, alipenda hewa ya nje na maji ya baridi, alipenda sana muziki, na alikuwa na vichekesho ambavyo wengine hawakujua kama ni vichekesho. Nimechukua kiasi na kuacha vingine, kwa kuwa mtu akisimuliwa kwa vituko vyake pekee, siku anapozungumza jambo zito msomaji humsikiliza kwa tabasamu. Nadhani ndivyo ilivyomtokea hata akiwa hai.

Tukio la huzuni la miaka hiyo ni kifo cha Alfred, Julai 1913, kutokana na ugonjwa uliomwanza baada ya kupigwa na mpira katika mechi ya kriketi. Waziri Mkuu Asquith alimlilia bungeni. Mwaka mmoja baadaye Vita Kuu ya Kwanza vikaanza.

Julai: hubiri la Machi 1915

Hii ndiyo sura ambayo mradi mzima ulikuwa ukiielekea, na nimeiandika polepole. Mwezi Machi 1915, katika kipindi cha Kwaresima, Lyttelton alihubiri katika kanisa la Mtakatifu Margaret, Westminster, kanisa lililo hatua chache tu kutoka Bungeni. Somo lake lilikuwa upendo kwa adui. Aliuliza Mkristo anawezaje kulishika agizo hilo katika vita, na akasema kwamba Uingereza ikishinda isidai kwa Ujerumani jambo ambalo yenyewe haiko tayari kulitenda. Alitoa mfano: kama Mfereji wa Kiel, unaounganisha Bahari ya Kaskazini na Baltiki, utawekwa chini ya usimamizi wa mataifa, basi Uingereza nayo iwe tayari kufanya hivyo hivyo kwa Gibraltar, ngome iliyoiteka mwaka 1704.

Kilichofuata kinaeleweka zaidi msomaji akiikumbuka kalenda. Mapigano ya Neuve Chapelle, yaliyoua maelfu ya askari wa Uingereza na India, yalikuwa yamemalizika katikati ya mwezi huo huo. Eton ilikuwa ikitoa maofisa vijana kila muhula, na hadi vita vilipoisha zaidi ya 1,100 kati ya waliosoma hapo walikuwa wamekufa. Wazazi walifungua magazeti yao na kusoma kwamba mwalimu mkuu wa watoto wao anataka Gibraltar itolewe. Aliandika barua kwa gazeti la The Times kujieleza, lakini maelezo yake yalisomwa na wachache kuliko walioisikia habari yenyewe. Aliitwa rafiki wa Wajerumani. Aprili majeshi ya Ujerumani yalitumia gesi ya sumu huko Ypres, na Mei meli ya Lusitania ikazamishwa, na hasira dhidi ya kila kilichohusishwa na Ujerumani ikazidi kiasi cha maduka kuvunjwa mitaani.

Nimelisoma jambo hili kwa namna mbili na nimechagua moja. Namna ya kwanza, ambayo ndiyo iliyozoeleka, humwona Lyttelton kuwa mtu msahaulifu asiyejua upepo unavuma wapi, aliyejikwaa kwa mfano mbaya. Ni kweli kwamba mfano ulikuwa mbaya: mahubiri yanaweza kudai dhamiri ya msikilizaji, lakini yanapotaja ngome na mfereji yanaingia katika mambo ya baraza la mawaziri, na kila msikilizaji hubaki na ngome akasahau dhamiri. Hata hivyo mtu huyu alikuwa amekwishaonja ghadhabu ya watu mwaka 1900, na safari ile ilitoka kwa wavulana wake mwenyewe. Hakuwa mgeni wa jambo hilo. Kwa hiyo nimechagua namna ya pili: alijua kwamba maneno yake yatachukiza, ingawa pengine hakujua kiasi, na aliyasema kwa sababu aliamini kwamba aliyepewa mimbari wakati wa Kwaresima hawezi kulikwepa agizo la kuwapenda adui kwa kuwa tu adui wapo.

Hapa swali la Februari linapata jibu lake, angalau kwa kiwango ninachoweza kulitetea. Shule za Uingereza zilitaka mkuu wake awe kasisi, na zilitarajia kwamba ukasisi huo utatumika ndani ya mipaka ya shule: kuhubiri juu ya uaminifu, bidii na usafi wa moyo. Lyttelton alihubiri kama kasisi na akahukumiwa kama mwalimu mkuu. Waliomshambulia hawakusema kwamba Injili haisemi hivyo. Walisema kwamba mtu mwenye nafasi yake hapaswi kuyasema hayo. Baada ya mwaka mwingine mgumu aliamua kujiuzulu, na mwaka 1916 akaondoka Eton akiwa na umri wa miaka 61. Nafasi yake ilichukuliwa na Cyril Alington, ambaye naye alikuwa kasisi.

Kuna hoja inayopinga usomaji wangu, na nimeiweka ndani ya sura badala ya kuificha. Lyttelton hakuwa mpinga vita. Hakuwaambia vijana wasiende, na shule yake iliendelea kuwafunza mazoezi ya kijeshi na kuwapeleka. Anayetaka kumwona kuwa shujaa wa amani atalazimika kulieleza hilo. Mimi simwiti shujaa wa amani. Ninasema tu kwamba aliuchukua ukasisi kwa uzito uliozidi ule uliotakiwa na waliompa kazi.

Agosti: miaka iliyobaki

Kutoka 1918 hadi 1920 alikuwa kasisi wa parokia ya Sidestrand, kijiji kidogo kwenye pwani ya Norfolk. Kisha, kuanzia 1920 hadi 1929, alihudumu Whitelands College, Chelsea, chuo cha Kanisa kilichowaandaa wanawake kuwa walimu. Kipindi hiki hupewa mstari mmoja katika maelezo mengi kumhusu, kana kwamba ni kiinua mgongo cha mtu aliyekwisha kazi. Sikubaliani na hilo. Baada ya miaka ipatayo 36 kati ya wavulana wa tabaka la juu, mzee huyu alitumia karibu miaka 10 pamoja na wasichana waliokuwa wakijiandaa kufundisha katika shule za kawaida, zile zile ambazo habari zake alizisikia katika tume ya Bryce. Mwaka 1925 alichapisha kumbukumbu zake, na ndani yake kriketi, muziki, shule na dini vinachanganyika bila mpaka, jambo lililonithibitishia kwamba mgawanyo wa hatua tatu haukuwa wake.

Alifariki Lincoln akiwa na umri wa miaka 86, Uingereza ikiwa tena vitani na Ujerumani, na Clement Attlee akiwa mjumbe wa baraza la vita la Winston Churchill. Nimeimalizia sura hapo.

Rasimu ya sura zote sasa iko mikononi mwa wasomaji wa kwanza, mmoja wao mwalimu wa historia na mwingine kasisi wa Kianglikana, na nimewaomba waitazame kwa ukali hasa sura ya Julai. Yaliyobaki ni kukubaliana juu ya majedwali ya mechi za 1878, ambayo nafikiria kuyapeleka mwishoni mwa kitabu ili yasikate mtiririko, na kuamua kama sura ya ukoo ipunguzwe. Mwalimu wa historia anasema ipunguzwe, kasisi anasema ibaki kama ilivyo.